Je! Uovu Uliozaa Wema Ushukuriwe?



Mara nyingi walimu wa Kipaimara huuliza kama yatupasa sisi wa Kanisa la Kiluteri kuwasimulia vijana habari za wale ambao Kanisa la Roma huwaita watakatifu, hasa wale walio wa damu ya Afrika, maana vijana wanazisikia kwa jirani zao. Swali hilo lina jibu fupi. Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaisari mwaka 1530, lafundisha katika sharti lake la 21 ya kwamba watakatifu wakumbukwe, ili tuifuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu katika wito wake. Bali tusiwaombe wala kuwategemea, kwa kuwa Mpatanishi ni mmoja. Luther mwenyewe aliitwa Martin kwa sababu alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, ndiyo siku ya Mtakatifu Martin. Mwaka 1505, radi ilipopiga karibu naye njiani, alimlilia Anna Mtakatifu. Desturi hiyo aliiacha alipoijua Injili. Lakini watawa wawili walipochomwa moto mjini Brussels mwaka 1523 kwa ajili ya Injili, aliwatungia wimbo wasisahauliwe. Basi kukumbuka si kuabudu. Mwenye kusimulia na asimulie.

Liko swali jingine lililo zito kuliko hilo, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hao wa damu ya Afrika ni wengi. Yuko Benedetto wa San Fratello katika kisiwa cha Sicily, aliyezaliwa mwaka 1526, mwana wa watumwa Waafrika. Alikuwa mpishi wa watawa karibu na Palermo, hakujua kusoma, hata hivyo wakamfanya mkubwa wao. Yuko Martin de Porres wa mji wa Lima katika nchi ya Peru, ambaye nitamtaja tena. Wako wafia-dini wa Uganda wa miaka 1885 hata 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Na ule moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886 haukuuliza ni nani wa Roma na ni nani wa Canterbury. Lakini mwenye kuleta swali langu ni mwanamke mmoja, Josephine Bakhita.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika Darfur, nchi ya Sudani, nyumbani kwa watu wasiopungukiwa na kitu. Dada yake mkubwa alitangulia kutekwa nyara; halafu yeye naye, akiwa mtoto wa miaka saba au minane, akakamatwa na watu wawili shambani. Hofu ilimwingia hata akalisahau jina lake alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena maisha yake yote. Waliomwiba ndio waliompa jina la Bakhita. Jina hilo ni la Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa, kwa kuwa limetoka katika shina lile lile la neno letu bahati. Maana yake, mwenye bahati. Mtoto ameibwa kwa mama yake, amefungwa, amekwenda kwa miguu siku nyingi, na wezi wake wanamwita Bahati! Sijui kama walifanya mzaha, au kama ndivyo walivyozoea kuyaita mali yao. Lakini yafaa mwalimu asimame hapo kidogo anaposimulia, asipapite mbio.

Aliuzwa, akauzwa tena, katika El Obeid na Khartoum. Safari moja alitoroka usiku pamoja na msichana mwenzake, wakakimbia porini, wakaangukia mikononi mwa mtu mwingine aliyewafungia zizini pamoja na kondoo, kisha akawauza. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kituruki, wanawake wa nyumba ile walimchoresha mwili kwa wembe, kisha zile chale zikatiwa chumvi ili makovu yasifutike. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alidhani atakufa.

Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi wa Italia katika Khartoum, Callisto Legnani, na kwake hakupigwa. Mwaka 1885 alifika Italia, akatolewa kuwa zawadi (tulishike neno hili, zawadi) kwa familia ya Michieli, awe yaya wa mtoto wao. Wakati mmoja mama wa nyumba aliposafiri kwenda Suakin, alimwacha Bakhita pamoja na mtoto katika nyumba ya masista wa Canossa mjini Venice, na huko alifundishwa imani. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za utawa. Tangu mwaka 1902 alikaa katika mji wa Schio, akipika, akishona, na kuwa bawabu wa mlango, hata alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Sasa lile neno. Yasimuliwa kwamba Bakhita alisema, kama angekutana na wale waliomteka, na hata wale waliomtesa, angepiga magoti na kuibusu mikono yao. Kwa maana kama hayo yasingalitukia, asingalikuwa Mkristo, wala mtawa.

Neno hili hupendwa sana na wahubiri. Ni tamu midomoni. Lakini lifikirini vema. Je! tukimfuata Bakhita katika imani yake, kama Ungamo letu linavyotufundisha, yatupasa kumfuata na hapa? Je! mwizi wa watoto ashukuriwe, kwa sababu mtoto aliyeibwa amemwona Kristo mwisho wa njia?

Wala swali hili si la Sudani peke yake. Katika nchi yetu Wakatoliki walianza kazi yao Bagamoyo mwaka 1868 kwa kuwakusanya watumwa waliokombolewa, na Lutindi katika milima ya Usambara palianzishwa mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliotolewa utumwani. Kwa hiyo liko neno lisemwalo katika mikutano, na mara nyingine mimbarani: Utumwa ulikuwa mbaya, lakini kama si huo, wazee wetu wengine wangeipataje Injili? Asemaye hivyo hutaka kumsifu Mungu. Lakini mtu akitaka kumsifu Mungu na aangalie asimsifu na mwingine aliyesimama karibu.

Watu watajibu mara moja kwa habari ya Yusufu. Ndugu zake walimwuza Misri, naye akawaambia katika Mwanzo sura ya 50 kwamba wao walikusudia mabaya, lakini Mungu alikusudia mema. Vema, na tulisome neno lenyewe. Yusufu hakusema kwamba mabaya yalikuwa mema. Aliweka makusudi mawili kando kando, la ndugu zake na la Mungu, wala hakulifunika moja kwa jingine. Tena tuangalie ni kinywa cha nani kilichosema. Waliokuja kwa ndugu yao walikuja kwa hofu, wakaomba msamaha wa kosa lao. Kama Yuda na Reubeni wangalikuja kifua mbele na kusema, Ndugu, ashukuriwe Mungu aliyetutumia kukuleta hapa, ulipo sasa umekuwa mkubwa, je! maneno yao yangalikuwa yale yale? Maneno yangalikuwa yale yale, na yangalikuwa uongo.

Mtume Paulo naye, katika waraka wake mfupi kwa Filemoni, amwandikia bwana habari za mtumwa wake Onesimo aliyetoroka. Amwambia kwamba labda alitengwa naye kwa kitambo, apate kuwa naye milele. Labda! Paulo, ambaye katika nyaraka nyingine huyatangaza mashauri ya Mungu kwa ujasiri mwingi, hapa penye habari ya mtu mmoja na taabu yake, hushusha sauti. Hasemi, Mungu ndiye aliyepanga. Na mtume huyo huyo, katika Warumi sura ya 3, aliwakataa wale wasemao kwamba mabaya na yatendwe ili mema yaje.

Yuko Onesimo mwingine, tena huyo ni wa Kanisa letu. Ni Onesimos Nesib wa kabila la Waoromo katika Ethiopia, aliyezaliwa yapata mwaka 1856 na kuitwa Hika. Alitekwa utotoni, akauzwa mara nyingi, akawekwa huru Massawa mwaka 1870, akalelewa na misioni ya Waluteri wa Sweden, akabatizwa mwaka 1872. Yeye pamoja na Aster Ganno, msichana wa Kioromo aliyekuwa mtumwa kama yeye, walifanya kazi ya kuipatia lugha yao vitabu, na Biblia nzima ya Kioromo ilipigwa chapa mwaka 1899. Haya ni matunda makubwa, na kila Jumapili maelfu ya watu wanayala. Lakini ni nani awezaye kuyaweka katika mizani pamoja na mama ya Hika? Mama yake hakuisoma Biblia ile siku aliyomtafuta mtoto wake asimwone. Mtu aandikaye kwamba faida ilikuwa kubwa kuliko hasara, na atuambie kwanza hasara ilikuwa ya nani.

Nafikiri tunaweza kusema hivi. Mtu aliyeteswa anaweza kuyaangalia maisha yake nyuma, na kumwambia Mungu wake: Hata huko ulikuwapo. Hiyo ni imani, wala hapana mtu mwenye haki ya kumnyang'anya. Lakini neno hilo ni lake yeye. Likitoka katika kinywa cha yule aliyefaidika, limekuwa wizi wa pili.

Lakini mimi sipendi kuishia hapo upesi, maana iko habari inayolifanya jambo hili kuwa gumu zaidi. Katika karne ya kumi na nane alikuwako mtu wa pwani ya Afrika ya Magharibi, aliyetekwa utotoni na kutolewa zawadi kama Bakhita, akapelekwa Uholanzi. Jina lake ni Jacobus Capitein. Alisoma elimu ya Mungu katika chuo kikuu cha Leiden, na mwaka 1742 alitoa hotuba kwa Kilatini kuthibitisha kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Hotuba ilipigwa chapa tena na tena. Nanyi mwaweza kufahamu ni nani waliopenda kuinunua. Akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kanisa la Kiprotestanti la Uholanzi, akarudi pwani ya kwao, Elmina, penye ngome ile ile iliyosafirisha watumwa, akafa huko mwaka 1747, kijana wa miaka thelathini hivi.

Huyo naye aliteswa, naye alisema. Basi haitoshi kusema kwamba kinywa cha mteswa ni halali siku zote. Tofauti ni nini? Bakhita alisema habari za mikono fulani na magoti yake mwenyewe. Hakumfungia mtu mwingine mzigo. Capitein alifanya sheria, na sheria yake ikawaangukia wale waliokuwa gizani chini ya ngome wakingoja merikebu. Ushuhuda ulio juu ya mtu mmoja ukigeuzwa kuwa fundisho juu ya watu wote, huacha kuwa ushuhuda.

Tena asizungumze mtu kana kwamba haya ni makosa ya wengine. Wafalme wa Denmark walikuwa Waluteri tangu siku za Matengenezo. Walikuwa na ngome ya Christiansborg huko Accra, na visiwa vya miwa katika bahari ya Amerika, na watumwa wa visiwa hivyo hawakuwekwa huru mpaka mwaka 1848. Katekisimo ilikuwamo katika merikebu hizo.

Sasa nirudi kwa Martin de Porres, kwa maana habari yake yaonyesha hatari hii kwa upande mwingine. Alizaliwa Lima mwaka 1579, baba yake Mhispania mwenye cheo, mama yake mwanamke mweusi aliyewekwa huru. Alijifunza kazi ya kinyozi, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na kutoa damu na kufunga vidonda. Alipotaka kuingia kwa watawa wa Dominiko alipokewa kuwa mtumishi tu, kwa sababu sheria za nchi ile ziliwazuia watu wa damu ya Kiafrika na ya Kihindi kuwa watawa kamili. Alifagia, aliuguza wagonjwa, aliwalisha maskini. Mwaka 1603 akakubaliwa kuweka nadhiri za ndugu wa kazi. Husimuliwa kwamba siku moja nyumba ya watawa ilipobanwa na deni, Martin alimwambia mkubwa wake amwuze yeye. Alifariki mwaka 1639, naye Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu mwaka 1962.

Wote husifu unyenyekevu wake, nami nausifu. Lakini mtu akikalishwa mlangoni kwa sheria, kisha akasifiwa kwa kupenda kukaa mlangoni, msifu na ajiangalie. Unyenyekevu ni karama ya Mungu kwa mwenye nao. Si samani ya kupambia nyumba ya aliyemshusha. Picha za Martin humwonyesha ameshika ufagio. Mwalimu mmoja akiwaonyesha watoto picha hiyo, na awaambie pia nani aliyempa ufagio huo, na kwa nini hakupewa kitabu.

Katika mwaka 1518, huko Heidelberg, Luther alifundisha ya kwamba mwanatheolojia wa utukufu huuita uovu wema na wema uovu, bali mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kama lilivyo. Fundisho hili wengi wetu tulilikariri chuoni kwa ajili ya mtihani. Hapa ndipo pa kulitumia. Msalaba wa Bwana wetu umetuletea wokovu, lakini Injili haimshukuru Yuda, wala Pilato hakuandikwa miongoni mwa wafadhili. Jina lake limo katika Imani yetu, twalitamka kila Jumapili, tena twalitamka kama jina la mtu ambaye chini ya mamlaka yake Bwana aliteswa.

Tena liko jambo ambalo hata masikini wa elimu hulifahamu: lililoitwa jema haliwezi kusamehewa. Katekisimo Ndogo yatufundisha kwamba Maungamo yana sehemu mbili, kwanza kukiri dhambi, na pili kupokea ondoleo. Ukiiondoa ya kwanza, ya pili haina pa kukaa. Kwa hiyo namwelewa Bakhita hivi: mikono aliyotaka kuibusu ni mikono aliyoisamehe, na kama ameisamehe, basi aliijua kuwa ilitenda dhambi. Kumshukuru mwizi kwa wizi wake kungalikuwa kidogo kuliko hayo.

Nami sisemi hivi kwa kubahatisha, maana iko siku moja katika maisha yake ambayo wahubiri huiruka. Mama wa nyumba ya Michieli aliporudi kumchukua Venice, Bakhita alikataa. Mwanamke huyo hakumtesa. Na mtoto aliyemlea alimpenda. Kutengana nao kulimwumiza. Lakini alisimama mbele ya wakubwa wa serikali na wa kanisa, peke yake, mgeni, mwanamke mweusi asiye na ndugu katika nchi ile, akasema hatakwenda. Tarehe 29 Novemba 1889 ilitangazwa kwamba sheria ya Italia haijui utumwa, na kwamba yu huru. Basi yule aliyesema angeibusu mikono ya watekaji, siku alipopewa nafasi ya kuchagua hakurudi mikononi mwa mtu hata mmoja, hata wa yule aliyempenda. Maneno yale na tendo hili havitenganiki, na asimuliaye moja bila jingine ameharibu habari.

Walimu, haya yanakuja kwenu kila juma. Mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake; mnakwenda kumfariji. Katika ufupi wa maneno, na kwa kuwa ukimya hutuogopesha, twasema, Usilie, mama, Mungu ana kusudi lake. Pengine ni kweli. Lakini mjane hayuko peke yake asikiaye. Shemeji naye amekaa kwenye benchi la tatu, na akisikia kwamba ni kusudi la Mungu, atalala vema usiku ule. Mmempa ondoleo ambalo hakuliomba. Mwendeeni kwanza yeye, mkamwulize habari za shamba. Na mjane mwachieni neno lake. Siku moja, baada ya miaka mingi, huenda akasema mwenyewe kwamba Mungu alimtendea mema hata katika taabu ile. Hapo msikilizeni kwa heshima. Na asiposema kamwe, msimwone kuwa na imani haba.

Katika siku zake za mwisho huko Schio, Bakhita alikuwa mgonjwa sana, na akili yake ilirudi nyuma utumwani. Ilikuwa imepita miaka 57 tangu siku ile ya Venice. Waliomwuguza wameeleza kwamba zaidi ya mara moja alimsihi muuguzi amlegezee minyororo, kwa kuwa ilikuwa mizito.